Nchi jirani: Kuchagua kiini cha sitaha ya boti kuukuu ya faiba

Katika nchi jirani za Tanzania na Kenya, boti za faiba zilizokwisha kutumika huuzwa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mtwapa na Kilifi. Baadhi yake ziliundwa Ulaya au Marekani zaidi ya miaka thelathini iliyopita, zikavuka bahari, zikafanya kazi ya uvuvi au utalii, kisha zikawekwa ufukweni zikisubiri mnunuzi. Kwa msikilizaji wa Bujumbura, Rumonge au Nyanza-Lac anayewazia kununua moja na kuileta kwa lori hadi Ziwa Tanganyika, bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Injini mbovu hujitangaza siku ya kwanza. Sitaha iliyooza hunyamaza, na mara nyingi mnunuzi huigundua akiwa amekwisha kulipa, pale anapokanyaga karibu na ukingo na kuhisi inabonyea kama godoro.

Makala haya yanaeleza kiini cha sitaha ni kitu gani, kwa nini huoza, na kijengwe upya kwa nini katika mazingira yetu, ambako duka la vifaa vya boti liko mbali na jua liko karibu.

Magamba mawili na kilicho katikati

Jahazi la mbao la Lamu au boti ya mbao ya Kigoma haina kiini. Sitaha yake, ikiwa ipo, ni mbao zilizopigiliwa juu ya mihimili, na mianya yake huzibwa kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta. Maji yakipenya hudondoka chini, na ubao hukauka tena kwa upepo. Boti ya faiba imejengwa kwa fikra tofauti kabisa. Sitaha yake ina gamba la juu la nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, gamba la chini la aina hiyohiyo, na katikati kiini chepesi ambacho kwa kawaida kina unene wa milimita 10 hadi 20.

Kiini hakikuwekwa hapo kujaza nafasi. Kazi yake ni kuyatenganisha magamba mawili na kuyazuia yasiteleze moja juu ya jingine sitaha inapokanyagwa. Chukua bamba moja la faiba, ligawe magamba mawili, kisha weka kiini katikati hadi unene wote uwe maradufu: ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka takriban mara 7. Unene ukifika mara 4 ya ule wa mwanzo, ugumu huwa takriban mara 37, ilhali uzito umeongezeka kidogo tu. Hiyo ndiyo sababu waundaji wa boti za faiba waliupenda ujenzi huu tangu miaka ya 1960, wakati boti hizo zilipoanza kutengenezwa kwa wingi.

Hesabu hiyo ina sharti moja, nalo ni kwamba magamba yawe yameshikamana na kiini. Mshikamano ukikatika, hata kiini kikiwa kizima, yanabaki magamba mawili membamba yanayopinda kila moja kivyake. Wanunuzi wengi hubishana sana juu ya jina la kiini na kusahau sharti hili, kumbe ndilo linaloamua karibu kila swali linalofuata.

Maji huingia kupitia matundu. Kila nguzo ya ukingo, kila chuma cha kufungia kamba na kila fremu ya dirisha imefungwa kwa boliti zilizotoboa magamba yote mawili. Muundaji alipaka utomvu wa kuziba kuzunguka boliti hizo, na utomvu huo hufa baada ya miaka kadhaa. Tone baada ya tone, maji hufika kwenye kiini, na yakifika hayana njia ya kutoka, kwa kuwa juu na chini kuna faiba isiyopumua. Kiini cha mti kikishalowa, kuvu hufanya kazi yake gizani.

Hapa kuna jambo linalowahusu watu wa ziwa kuliko watu wa bahari. Chumvi huwazuia kuvu waozeshao mbao, na maji baridi hayana kinga hiyo. Boti iliyovumilia unyevu kidogo wa bahari inaweza kuharibika haraka zaidi ikiletwa ziwani na kuachwa bila turubai katika misimu yetu ya mvua. Mvua ya usiku mmoja, ikituama kwenye kona ya sitaha yenye tundu bovu, ina madhara kuliko mawimbi ya mwezi mzima.

Kukagua kabla ya kulipa

Mnunuzi aende na nyundo ndogo ya plastiki, au bisibisi yenye mpini mgumu, agonge sitaha yote kwa mistari iliyokaribiana. Penye uzima hutoka sauti kavu na kali. Penye kiini kilichooza au kilichoachana na gamba hutoka sauti butu, kama kugonga boksi la karatasi. Aweke alama kwa chaki. Kisha amwombe mwenye boti ruhusa ya kutoboa matundu machache ya milimita 4 kutoka upande wa chini, ndani ya chumba, bila kulifikia gamba la juu. Unga mweupe na mkavu ni habari njema. Unga wa kahawia na wenye unyevu ni onyo. Yakidondoka maji meusi, kinachonunuliwa ni boti isiyo na sitaha, na bei izungumzwe hivyo. Mwuzaji akikataa kutobolewa hata tundu moja, ni busara kupiga hesabu kana kwamba sitaha yote imekwisha.

Balsa

Kiini kilichotumika zaidi katika boti za zamani ni balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kusini ambao Ecuador ndiyo inayouuza kwa wingi kuliko nchi zote. Ndio mti uliojenga chelezo cha Kon-Tiki, ambacho Thor Heyerdahl na wenzake walikitumia mwaka 1947 kusafiri kwa siku 101 kutoka Peru hadi visiwa vya Polynesia. Kwenye sitaha haulazwi kama ubao wa kawaida. Hukatwa vipande vidogo vya mraba, nyuzi zake zikisimama wima kutoka gamba hadi gamba, na vipande hivyo hubandikwa juu ya wavu mwembamba ili viweze kufuata mbinuko wa sitaha.

Kusimama wima kwa nyuzi kuna faida mbili. Balsa iliyokaa hivyo hustahimili kukandamizwa vizuri kuliko mapovu mengi, na maji husafiri ndani yake polepole kwenda pembeni, kwa sababu mirija ya mti inaelekea juu na chini. Hivyo basi, mara nyingi uozo hubaki karibu na tundu lililovuja. Sifa mbaya ya balsa imetokana zaidi na boliti zilizofungwa vibaya kuliko mti wenyewe. Hata hivyo, kwetu kuna kikwazo cha upatikanaji. Viwanda vya mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo hutumia balsa nyingi sana, na karibu na mwaka 2020 mahitaji ya China yalipandisha bei yake ghafla. Fundi wa Kigoma au Rumonge atalazimika kuiagiza kutoka mbali, na itakapofika ni lazima aihifadhi mahali pakavu. Balsa iliyokaa wiki tatu katika ghala lenye unyevu haifai tena kufungiwa ndani ya faiba.

Plaiwudi

Plaiwudi ndiyo inayopatikana, na mafundi wetu wanaifahamu. Inashika skurubu, haibonyei chini ya boliti, na hukatwa kwa msumeno wa kawaida. Udhaifu wake ni kinyume cha balsa: matabaka yake yamelala, kwa hiyo maji yaliyoingia kwenye tundu moja husafiri kwa ulaini kufuata nyuzi hadi mbali. Ni kawaida kukuta tundu moja la mbele limeozesha plaiwudi hadi usawa wa mlingoti.

Iliyo bora kwa boti ni ile ya mti wa okume, unaotoka hasa Gabon na nchi zinazopakana nayo, iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka na isiyo na mapengo katika matabaka ya ndani. Kiwango cha Uingereza cha BS 1088 ndicho kinachotajwa mara nyingi, ingawa mhuri pekee si ushahidi wa kutosha. Plaiwudi za viwanda vya Mafinga, mkoani Iringa, hutengenezwa kutokana na misindano na mikaratusi ya mashamba ya huko, na nyingi hulengwa kwa ujenzi wa nyumba. Nyingine zinaweza kufaa, lakini zijaribiwe kwanza. Kata kipande cha upana wa kiganja, kichemshe kwa saa kadhaa, kikaushe, kisha ukichemshe tena. Kikiachana, bamba zima lirudishwe dukani. Angalia pia kingo zake: pengo linaloonekana pembeni ni dalili ya mapengo mengine yasiyoonekana ndani, na kila moja ni dimbwi la maji ya kesho.

Uzito ndio ushuru wa plaiwudi. Chukua sitaha ya mita za mraba 10 na kiini cha milimita 12. Balsa ya kilo 150 kwa mita ya ujazo itakuwa na uzito wa kilo 18. Povu la kilo 80 kwa mita ya ujazo litakuwa na kilo 10 hivi. Plaiwudi ya okume ya kilo 450 itafika kilo 54, na ile nzito ya kilo 600 itafika kilo 72. Tofauti kati ya povu na plaiwudi nzito ni kama kumbeba abiria mmoja asiyeshuka, aliyekaa juu, mahali ambapo uzito huifanya boti iyumbe zaidi. Kwenye boti pana ya mita 10 tofauti hiyo inavumilika. Kwenye boti nyembamba ya mita 6 inayobeba watu, mimi nisingeikubali.

Povu

Povu linalokusudiwa hapa ni lile lililotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, hasa la PVC ngumu, ambalo huuzwa kama mabao yenye uzito unaojulikana. Kwa sitaha, kilo 80 kwa mita ya ujazo ndicho kipimo kinachotumika sana. Halina mirija, kwa hiyo maji hayasafiri ndani yake kwa urahisi, na kuvu hawana cha kula. Lakini msemo wa madalali kwamba povu haliharibiki haufai kuaminiwa. Maji yanaweza kukaa kati ya povu na gamba, na mshikamano unaweza kukatika bila povu lenyewe kuoza. Tena, povu jepesi hubonyea chini ya boliti iliyokazwa, na aina zake zisizo ngumu hulegea kwa joto. Sitaha iliyopakwa rangi nyeusi au buluu nzito katika jua la kwetu huweza kupita nyuzi joto 60. Ikiwa nyeupe, hubaki baridi zaidi kwa kiasi kikubwa. Anayechagua povu amechagua pia rangi nyeupe.

Ni hapa ambapo makosa ya gharama kubwa hutokea, kwa sababu macho huona povu na kudhani mapovu yote ni ndugu. Povu jeupe la kufungashia televisheni na mabao ya polistaini ya kuhami vyumba vya baridi huyeyuka yakiguswa na rezini ya poliesta, kwa kuwa ndani ya rezini hiyo mna staini, kimiminika kinachoyayeyusha. Fundi hulaza faiba asubuhi na jioni hukuta shimo. Hata kwa epoksi, ambayo haiyayeyushi, mabao hayo ni dhaifu mno kwa sitaha inayokanyagwa. Povu la kumimina la rangi ya manjano, lile linalovimba ndani ya majokofu, husagika na kuwa unga likitikiswa mara kwa mara, na baadhi yake hunyonya maji.

Wako pia wanaouliza juu ya mabao ya plastiki iliyorejelezwa, hasa baada ya jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki ya taka, kushushwa majini huko Lamu mwaka 2018. Jahazi hilo ni la kweli na limesafiri, ila plastiki yake imefanya kazi ya mbao, ikafungwa kwa misumari na boliti. Kama kiini haifai: ni nzito, na rezini haiishiki plastiki ya aina hiyo hata ikipigwa msasa.

Kipi kitumike wapi

Si lazima sitaha yote iwe na kiini kimoja. Ikiwa uozo umekula eneo dogo na kilichobaki ni balsa nzima, kiraka kiwe cha balsa au povu la unene uleule, ili ugumu usibadilike ghafla na kuleta ufa kwenye ungio. Mahali pa kutembea, palipo wazi na pasipo na boliti, povu la PVC au balsa ndilo chaguo la kwanza kwa anayeweza kuliagiza. Asiyeweza, na boti yake ikiwa na uzito wa kutosha chini, atumie plaiwudi iliyochemshwa ikafaulu, aikate vipande vya sentimita 20 hivi na kuacha mwanya wa milimita 3 kati ya kimoja na kingine, mwanya ujazwe rezini nzito. Vipande hivyo hufuata mbinuko bila kulazimishwa, na kila mwanya huwa ukuta unaozuia maji yasivuke kwenda kipande cha jirani. Ni njia ya kimaskini, lakini ina akili nyingi.

Chini ya vyuma vya kufungia kamba, winchi, nanga na nguzo za ukingo, kiini chepesi kisiwepo kabisa. Hapo pawekwe plaiwudi nzito au faiba tupu ya unene ule, na chini ya sitaha bamba la chuma kisichoshika kutu ili kusambaza mzigo. Nguzo ya ukingo ikichomoka, anayeanguka majini ni mtu aliyekuwa ameishika.

Rezini nayo iamuliwe pamoja na kiini. Poliesta ni rahisi na inajulikana na kila fundi wa boti za faiba, lakini hushika vibaya faiba ya zamani na mbao. Epoksi ni ghali, nayo hushika vizuri zaidi vyote viwili. Ushauri wa makala haya ni kutumia epoksi kwa kubandika kiini na kuunga magamba hata kama fedha ni chache, na kubana matumizi mahali pengine. Ukitumia epoksi, nunua kitambaa cha nyuzi zilizofumwa. Mkeka wa nyuzi fupi wa kawaida una gundi inayohitaji staini ili ilainike, na kwa epoksi hubaki mkaidi. Anayetumia poliesta akumbuke kwamba kichocheo na kiharakishi cha kobalti havichanganywi vyenyewe kwa vyenyewe hata kidogo, kwa kuwa huweza kulipuka; kila kimoja huingia kwenye rezini peke yake. Na vumbi la faiba linaharibu mapafu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Inahitajika barakoa yenye kichujio.

Kazi yenyewe

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho msimu wake. Boti iwekwe chini ya paa, na sitaha iegemezwe kwa nguzo kutoka ndani kabla ya kukata chochote, la sivyo umbo lake litashuka na halitarudi. Kwa kawaida gamba la juu hukatwa na kuondolewa kwa uangalifu, likiachwa ukingo wa kuungia, na gamba la chini hubaki kama kalibu. Kufanya kazi kutoka chini huokoa sura ya juu, ila rezini hudondokea usoni na kila kipande kinataka kuanguka. Kwa uozo mkubwa, kata kutoka juu.

Kilichooza kikwanguliwe chote, hadi mahali ambapo mti ni mkavu na mweupe, hata kama eneo linaongezeka kila saa. Gamba la chini lipigwe msasa na kuachwa likauke kwa siku nyingi. Kiini kilazwe juu ya rezini iliyofanywa nzito kama uji mzito, kikiwa na matundu madogo ya kutolea hewa. Rezini ikichungulia katika kila tundu, chini yake hamna pengo. Juu yake zipangwe karatasi ya nailoni na mifuko ya mchanga au madumu ya maji hadi igande. Kisha gamba la juu lirudishwe, na ungio lichongwe kwa mteremko wa 12 kwa 1: gamba la milimita 3 linahitaji mteremko wa milimita 36. Mteremko mfupi hupasuka.

Yanabaki matundu ya boliti. Kila tundu litobolewe kwa upana kupita boliti yenyewe, kiini kinachoonekana pembeni kikwanguliwe kidogo, tundu lijazwe epoksi nzito, na ikishaganda litobolewe upya kwa kipimo cha boliti. Tangu hapo boliti inapita ndani ya epoksi, na utomvu wa juu ukifa, maji hukuta ukuta. Kazi hii huchukua siku mbili zaidi kwa boti ya wastani, na mafundi wengi huiruka mwenye boti asipokuwepo. Mwenye boti awepo.